Spika Zisizo na Mgongo

Mtaani walimwita Nusumili, kwa sababu nusu ya milimita ilitosha kumnyima raha. Alikuwa seremala wa makabati, na miaka thelathini na moja alikuwa amekaa katika karakana ileile yenye mlango wa bati bila kutoa hata kabati moja ambalo droo yake inakwama. Akikuta upenyo kati ya mlango na fremu, mwembamba kama karatasi mbili, alifungua bawaba zote akaanza upya, huku mwenye kabati akimsihi kwamba mbona yeye haoni kitu.

"Wewe huoni," alikuwa akijibu, "lakini kabati linajua."

Siku ya kufunga ndoa, bibi harusi alipoinama kutia sahihi, bwana harusi alionekana yuko chini, magoti vumbini na suti yake mpya, anakunja kipande cha karatasi akipachike chini ya mguu mfupi wa meza. Watu walicheka mpaka machozi. Bibi harusi hakucheka. Alisubiri meza itulie, akaandika jina lake, akasema afadhali, maana mwandiko wake haupendi kuyumba.

Huyo bibi harusi ndiye Mwalimu. Kila mtu alimwita hivyo, mumewe naye pia, na yeye alimwita mumewe Fundi, hata walipokuwa wawili tu mezani. Asubuhi alifundisha shule, na Jumamosi alasiri aliongoza kwaya ya mtaa katika ukumbi wa shule hiyohiyo: watu thelathini na wawili, wauguzi, makarani, washonaji, dereva mmoja wa lori ambaye besi yake ilitikisa vioo. Kazi hiyo hakulipwa. Lakini ukimuuliza mumewe mke wake anafanya kazi gani, angeanza na kwaya.

Nyumbani Mwalimu hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alivuma. Akiosha vyombo alivuma, akisahihisha madaftari alivuma, na Fundi alijua hali ya siku kwa wimbo uliokuwa ukipita puani mwa mkewe. Alijua wimbo wa kuchoka na wimbo wa kununa. Ulikuwepo na wimbo wa "nyamaza kidogo, nafikiri", na huo aliuheshimu kuliko yote.

Mwanzoni mwa mwaka homa ilimlaza Mwalimu wiki mbili, na ilipoondoka iliondoka na sikio lake la kushoto. Daktari alilipima la kulia akasema ni zima kama la msichana. Hilo la kushoto alisema wasilisubiri. Mwalimu alimwambia mumewe peke yake, akamkataza asimwambie mtu mwingine.

Sasa, mwenye sikio moja husikia vizuri tu. Asichokijua ni sauti inatoka wapi. Nyumbani hilo lilikuwa jambo la kuchekesha: Fundi aliita kutoka jikoni, Mwalimu akaenda kumtafuta chumbani. Kwenye kwaya halikuchekesha hata kidogo.

Walikuwa na wimbo mpya waliouhangaikia mwezi mzima. Mwisho wa mstari wa tatu noti moja ilikuwa ikishuka, kama mtu anayekaa kwenye kiti kilichoondolewa. Zamani Mwalimu angenyoosha kidole macho yamefumbwa, na kidole kingetua penyewe. Safari hii alikisia. Kidole kikatua kwa muuguzi wa safu ya pili, mama mtulivu aliyeimba naye miaka kumi na tisa, ambaye kila Jumamosi alikuja moja kwa moja kutoka wodini na viatu vyake vyeupe. Mwalimu alisimamisha wimbo mara tatu, na mara zote tatu alimrekebisha yeye. Mara ya tatu alimwambia anyamaze kabisa awasikilize wenzake.

Muuguzi akanyamaza. Wimbo ukaanza tena, ukafika mwisho wa mstari wa tatu, na noti ikashuka palepale, kinywa cha muuguzi kikiwa kimefungwa. Wote walisikia. Mwalimu naye alisikia.

Jioni ile aliandika barua ya kuacha uongozi wa kwaya, kwa mwandiko wake wa ubaoni, akaitia kwenye bahasha, akaiweka juu ya kabati la vyombo. Alisema ataikabidhi baada ya wiki mbili, ili kwanza wapate muda wa kuzoea kufanya bila yeye. Hakuwa na hasira wala machozi, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. Kesho yake aliosha vyombo kimya. Keshokutwa vilevile. Fundi alikuwa akisimama mlangoni na kikombe mkononi, anasubiri ule mvumo, na kilichomjia ni mlio wa sahani tu.

Alifikiri anavyofikiri seremala: kitu kikiharibika, hukibebi kichwani, unakiweka juu ya meza ukitazame. Kama mkewe angeweza kukaa nyumbani akaisikiliza kwaya yake mara kumi, mara ishirini, bila macho ya watu, labda angeona kwamba kazi bado anaiweza. Tatizo ni redio yao. Tangu aumwe, Mwalimu alikuwa akiizima, akisema waimbaji wamefungiwa ndani ya pipa.

Akaenda kwa shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wake Mwalimu, fundi redio, jina la mtaani Waya, mwembamba na mwenye cheche kama jina lenyewe. Kwenye kwaya aliimba sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, akisimama nyuma ya yule muuguzi, pale upande wa wanaume unapoanzia. Habari ya sikio hakuijua, na Fundi hakuitaja. Alisema tu kwamba dada mtu anaiona redio yao ni pipa.

"Ana haki," Waya akasema. "Shida ni boksi, shemeji. Spika inaimba mbele na nyuma. Ile sauti ya nyuma ukiifungia ndani, inagongagonga kuta, boksi nalo linaanza kuimba wimbo wake. Dawa ni kulitoa boksi lenyewe."

"Likitoka, kinabaki nini?"

"Ubao. Mmoja, umesimama, spika katikati ya ubao, nyuma peupe."

Fundi alimtazama kama mtu aliyeambiwa ashone shati lisilo na mgongo. Akasema hicho si chombo, hicho ni mlango uliokosa nyumba. Waya akamjibu kwamba maseremala wote ni ndugu moja: mkikuta kitu kina upepo mnataka kukipigilia misumari. Walitaniana hivyo kwa muda, maana mashemeji wasipotaniana watu hudhani wamegombana, kisha Waya akavuta kipande cha katoni akaanza kuchora.

Spika alikuwa nazo. Zilikuwa mbili, upana wa inchi kumi na mbili, zimetoka kwenye ukumbi wa sinema uliofungwa: koni za karatasi nene rangi ya chai, kila moja na kikoni kidogo katikati cha kubeba sauti nyembamba, na sumaku nyuma nzito kama jiwe la kusagia. Ubao wa kila moja uwe na kimo cha mita moja na robo na upana wa sentimita sitini, na mabawa mafupi pande mbili. Ukiwa mwembamba zaidi ya hapo, Waya alisema, sauti ya nyuma inazunguka ukingo upesi, inakutana na ya mbele, besi zinakufa. Ndiyo maana tundu lenyewe lisikae katikati. Lisogee upande mmoja, ili njia za kuzunguka zisiwe sawa.

"Kumbe umesema katikati."

"Nimesema katikati ya ubao, si katikati ya kipimo."

"Nikitoboa tundu kombo watu watasema nilikuwa nimelewa."

"Waambie kabati linajua," Waya akasema, na hapo ikabidi hata Fundi acheke.

Wakagawana kazi. Jumamosi Mwalimu hakwenda mazoezini, alisema ana mafua, na katibu wa kwaya akashika nafasi. Waya aliweka simu mbili ukumbini, moja mbele ya wanawake, moja mbele ya wanaume, akapiga kofi moja kubwa kabla ya wimbo ili baadaye aweze kuzioanisha. Alimweleza shemeji yake kwamba sauti za wanawake zitatoka ubao wa kushoto, za wanaume ubao wa kulia. Ndivyo Mwalimu alivyozoea kuwaona.

Fundi naye alijifungia karakanani. Alibandika plaiwudi mbili nene kwa gundi, akazibana kwa vibano kumi na vinne, akaziacha siku nzima. Alichora duara kwa msumari na uzi, akalikata, akausugua ukingo wake kwa msasa mpaka kidole kikizunguka hakikwami popote. Aliyatia mabawa pembe kidogo kwenda nyuma. Akapaka vanishi mara tatu, na kwa kuwa moyo haukumruhusu, alipaka na upande wa nyuma, upande ambao hakuna ambaye angeutazama. Tundu la kombo lilimsumbua siku mbili. Siku ya tatu alijikuta analipenda, kama mtu anavyozoea jicho la rafiki mwenye makengeza.

Waya alikuja kulehemu nyaya, akaziacha ndefu, na akiwa anaondoka alisema neno moja: ubao usibanwe ukutani, uachwe upumue. Fundi aliitikia kwa kichwa. Hilo alilijua kabla shemeji yake hajazaliwa. Kila kabati alilowahi kulisimamisha aliliachia nafasi ya vidole viwili, lipumue, unyevu wa ukuta usile mbao.

Jumatano alasiri, kabla Mwalimu hajarudi kutoka shuleni, alizisimamisha sebuleni. Alipima vidole viwili kutoka ukutani, juu na chini, pande zote mbili. Alipoona ule ubao mwembamba unaopita chini ya ukuta unamzuia, aliuchonga kidogo kwa tindo ili zikae sawasawa. Alirudi hatua tatu akatazama. Zilipendeza kama zimeota pale.

Mwalimu aliporudi alimkalisha kwenye kiti, akawasha. Kwaya ikaanza, na kabla mstari wa kwanza haujaisha Fundi alijua. Sauti zilikuwa kubwa kuliko za redio, lakini zilikuwa nzito na zimeumuka, wanaume wamewalalia wanawake, maneno yamegandana. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Akasema mbao ni nzuri sana. Akamshukuru. Zilikuwa shukrani za kumpa mtoto aliyekuletea chai yenye chumvi, na Fundi angependa zaidi kama angetukanwa. Mwalimu akainuka, akaichukua ile bahasha juu ya kabati, akaifuta vumbi kwa upindo wa kitenge, akairudisha.

Alhamisi Fundi hakufungua karakana. Alimsubiri Mwalimu amalize vipindi vya asubuhi arudi nyumbani, maana hakutaka kufanya jambo hilo kama mwizi, akamwambia anazirudisha zile mbao akazigeuze milango ya kabati. Mwalimu alikuwa jikoni akichambua mchele. Akasema afanye anavyoona.

Aliwasha tena kwaya, kwanza, asikie kosa lake mara ya mwisho. Kisha, kwa hasira yake na ukimya wake, akaukumbatia ubao wa kulia wimbo ukiendelea, na kwa kuwa Waya alikuwa ameacha nyaya ndefu, hazikukatika. Akauvuta hatua moja. Sauti ya pipa ikatoka kwenye besi. Akasimama. Akauvuta hatua ya pili, na yule dereva wa lori, ambaye jana alikuwa amezama ndani ya ukuta, akajitokeza akawa mtu, na pumzi yake, na mate ya herufi zake.

Fundi alibaki ameushika ubao kama aliyekumbatiana na mgeni. Akauweka chini polepole, akaenda kuuvuta wa pili. Alipogeuka, Mwalimu alikuwa mlangoni, mikono ina unga wa mchele.

"Usiusogeze tena," Mwalimu alisema.

Fundi alianza kueleza habari ya vidole viwili, na unyevu, na kwamba kabati na spika hazipumui sawa, lakini mkewe alikuwa ameinua kiganja. Hakukaa. Alitembea. Alipita mbele ya mbao, akapita nyuma yake, na Fundi akatahayari kidogo, akashukuru kwamba alipaka vanishi na huko. Halafu Mwalimu akafika ubavuni mwa ubao wa wanawake, pale ubao unapoonekana mwembamba kama rula, akasimama ghafla.

"Umekata waya?"

Hakukata. Fundi akaja kusimama naye, akasikia mwenyewe. Mbele ya ubao wanawake waliimba, nyuma waliimba, lakini ukingoni walififia, kama wametoka nje wakarudisha mlango. Sauti ya mbele na ya nyuma zilikutana pale zikamalizana. Hawakupotea kabisa, kuta za sebule ziliwarudisha kidogo, lakini waliobaki wanazungumza ni wanaume. Fundi alifikiri ni kasoro, akaanza kutafuta pa kuirekebishia. Mwalimu alimshika mkono.

"Acha hivyohivyo, Fundi. Rudisha mwanzo."

Wimbo ukarudi. Mwalimu akabaki ukingoni mwa ubao wa wanawake, sikio lake zima limeelekea ng'ambo, na wanawake wamefifia. Mwisho wa mstari wa tatu noti ikashuka, wazi kabisa. Akavuka chumba, akasimama ukingoni mwa ubao wa wanaume mpaka wakafifia wao. Mstari wa tatu ukafika. Wanawake wakapita juu ya ile noti bila kuyumba, muuguzi akiwa miongoni mwao, sauti yake ya hariri ikiwashika wenzake mkono.

Alirudia mara sita. Mchele ulibaki kwenye ungo. Mara ya sita alicheka kidogo puani, cheko lisilo na furaha, akasema hiyo sauti ameilea mwenyewe, aliibeba mgongoni akiwa na miaka tisa.

Waya aliitwa siku ileile. Aliingia akijisifu, akaona pengo kati ya mbao na ukuta, akaona na alama ya tindo, akajua yote bila kuambiwa. Alikuwa amefungua kinywa kumtania shemeji yake dada yake alipomshika bega akamsimamisha ukingoni mwa ubao wa wanawake. Alisikiliza akitabasamu. Kisha tabasamu likaanza kumtoka.

"Huyo nani?"

"Sikiliza tena."

Akasikiliza. "Dada, ile simu yangu mbovu."

"Simu haiimbi."

Waya akakaa.  Akasema kwa sauti ndogo kwamba yule mama wa watu alinyamazishwa mbele ya kwaya nzima kwa ajili yake.

"Kwa ajili yangu," Mwalimu akasema. "Wewe ulikosea noti. Mimi nilikosea mtu."

Ndipo Waya alipouliza kilichokuwa kikimkera tangu aitambue sauti yake: imekuwaje dada yake, ambaye tangu utoto hakuwahi kumwachia hata mluzi wa kombo, safari hii hakumwona. Mwalimu akamwambia. Alisema kwa maneno machache, kama anavyotoa zoezi, na Waya, ambaye siku nzima hushika vitu vilivyokatika vikaungika, alitazama chini kwenye mikono yake.

Ijumaa asubuhi bahasha haikuwepo juu ya kabati. Fundi alitazama kwenye kapu la taka, haikuwemo.  Jumamosi Mwalimu alijifunga kitenge vizuri, akachukua mkoba, akamwambia afunge karakana mapema waende pamoja. Njiani aliongea habari za mitihani.

Ukumbini Fundi alikaa benchi la nyuma. Mwalimu hakupanda kwenye kile kijukwaa cha kuongozea. Alisimama sakafuni, karibu na safu ya kwanza, akasema wasiimbe kwanza. Akawaambia kwamba sikio lake la kushoto limekufa, kwamba alilificha, na kwamba kwa kulificha kwake alimwonea mtu. Akamgeukia muuguzi, akamwita dada, akamwomba radhi mbele ya walewale waliokuwepo. Nyuma ya muuguzi Waya akainua mkono akasema noti ilikuwa yake. Mtu mmoja akaguna, dereva wa lori akamwambia anyamaze.

"Barua yangu ya kuondoka ninayo hapa," Mwalimu akaendelea, na mkono wake ukagusa mkoba. "Sijaichana. Makosa ninayasikia bado, hilo nimelihakikisha. Ila nikisimama pale mbele sitajua ni la nani. Kama mnataka mwenye masikio mawili, semeni leo, na hakuna atakayekuwa amenikosea."

Fundi alishika ukingo wa benchi. Lilikuwa benchi baya, limepigwa msumari mmoja mahali pa miwili, na safari hiyo hakuliona.

 Aliyejibu ni muuguzi, na hakusimama. Aliongea akitazama viatu vyake vyeupe, kama anayemweleza mwenzake wa zamu.

"Mwalimu, wodini kwetu kuna vitanda ishirini na nne. Nikisikia mtu anapumua vibaya, mimi sisimami mlangoni nikanyoosha kidole. Napita kitanda kwa kitanda."

 Akafungua daftari lake la nyimbo, na waliokuwa karibu naye wakafungua ya kwao.

Mwalimu aliweka mkoba juu ya kijukwaa. Akatoa noti ya kuanzia kwa mvumo, ule wa puani, na Fundi kule nyuma akainamisha kichwa. Wakaanza. Mwalimu akaingia katikati yao. Walimpisha kwanza, viti vikakwaruza, akawaambia kwa mkono wasihame. Akapita kati ya magoti na mikoba, anasimama hapa anasikiliza, anasonga, sikio la kulia limetangulia. Wengine, alipowakaribia, walishusha sauti kwa woga. Alikuwa akiwagusa begani mpaka wairudishe.

Alifika kwa muuguzi mstari wa pili ukiwa unaisha. Akasimama bega kwa bega naye, karibu kiasi cha kusikia pumzi anayovuta. Muuguzi hakushusha sauti. Alijaza kifua, akauchukua mstari wa tatu, akaupandisha mpaka mwisho wake, na nyuma yake Waya, jasho limemtoka, akamfuata.